Kwa nini xterm ya zamani naihisi nyepesi vidoleni kuliko teminali mpya? Ninyi mnachagua kwa kigezo gani?

#1 mchapaji_mbezi

Habari za jioni, wanajukwaa.

Miezi miwili iliyopita nilinunua kompyuta mpakato ya mtumba pale Kariakoo, yenye RAM ya GB 4 na prosesa ya Intel iliyokwisha kula chumvi, nikaiwekea mfumo endeshi wa Debian wenye Xfce (sehemu inayosimamia madirisha na menyu). Kwa kuwa kazi yangu karibu yote hufanyika ndani ya lile dirisha jeusi, niliamua kujaribu teminali nne, yaani programu zinazofungua dirisha hilo la kuandikia amri, kila moja kwa wiki nzima, kabla ya kuchagua nitakayobaki nayo: ile inayokuja na Xfce yenyewe, Alacritty, kitty, na xterm, ambayo niliiingiza kwenye orodha kwa mzaha tu.

Matokeo yamenichanganya. Alacritty inasifiwa kwa kuchora herufi kwa kutumia kadi ya michoro, na ni kweli kwamba nikiimwagia faili ndefu kwa amri ya cat (inayoonyesha yaliyomo kwenye faili) inamaliza kabla ya wenzake wote. Lakini ninapoandika, herufi baada ya herufi, xterm ndiyo ninayoihisi kuwa iko chini ya vidole vyangu, ilhali Alacritty naihisi kama mtu anayerudia maneno yangu baada ya mimi kuyasema. Sina kipimo chochote; nina vidole tu.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, hisia hii ina sababu au ni mazoea? Pili, ninyi wenyewe mlichagua teminali mnayotumia kwa kigezo gani hasa?

#2 kituo_kimara

Mkuu, umelinganisha vitu viwili tofauti ukavipa jina moja la kasi.

Chukua mfano wa mwendokasi. Basi lile refu la kwenda Kivukoni hubeba watu wengi kwa mkupuo, na ukihesabu abiria kwa saa hakuna bodaboda itakayolifikia. Lakini mtu mmoja anayetaka kuondoka sasa hivi hapa Kimara atamuona bodaboda kuwa ndiye mwenye haraka, kwa sababu hamsubirishi. Kumwaga faili ndefu ni kuhesabu abiria. Kuandika herufi moja ni kumsafirisha mtu mmoja. Teminali inaweza kushinda katika la kwanza na kushindwa katika la pili bila kujipinga yenyewe.

#3 fundi_sinza

Mfano wa #2 ni mzuri, ila kabla ya kwenda mbali tuangalie mashine yenyewe. Alacritty inategemea OpenGL, njia ya programu kuiagiza kadi ya michoro ichore, na mashine nyingi za mtumba huwa zina kadi ya michoro dhaifu au draiva (programu inayoiendesha kadi) isiyokaa sawa, na hapo mfumo huihamishia kazi hiyo kwenye prosesa kimyakimya. Endesha amri ya glxinfo, kisha utafute mstari unaotaja kinachochora. Ukikuta neno llvmpipe, ujue kwamba kadi yako imelala na prosesa ndiyo inayobeba mzigo wote, na hakuna haja ya kutafuta mchawi mwingine. Xterm, iliyotengenezwa mwaka 1978, haikuwahi kutegemea vitu hivyo.

#4 mzee_wa_vt220

Ndugu wa #3, ushauri wako kuhusu draiva ni sahihi, lakini mwaka umeukosea. Kilichotoka mwaka 1978 ni VT100 ya kampuni ya DEC, ambayo haikuwa programu bali chombo kamili chenye kioo na kibodi, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta iliyokaa chumba kingine. Xterm ilianza kuandikwa mwaka 1984 na Mark Vandevoorde, na tangu mwaka 1996 inatunzwa na Thomas Dickey, anayeendelea kuitolea matoleo mapya hadi leo. Kwa hiyo kuiita ya zamani ni sawa, lakini kuiita iliyoachwa si sawa.

Mimi nilisoma ng'ambo mwaka 1986 na nilifanyia kazi VT220, kwa sababu hapa nyumbani uingizaji wa kompyuta ulikuwa umezuiwa tangu mwaka 1974. Safu 80 na mistari 24 ambazo xterm yako hufungulia leo ni urithi wa vyombo vile. Kila mnachokiita teminali leo ni programu inayojifanya chombo ambacho wengi wenu hamjawahi kukigusa.

#5 fundi_sinza

Shikamoo mzee, nimerekebishwa na nimekubali.

#6 abiria_wa_gongolamboto

Samahani, naomba kuuliza kitu kidogo. Je, mleta uzi ana uhakika kwamba kinachochelewa ni teminali na si sheli iliyomo ndani yake? Mimi niliwahi kupamba sheli yangu mpaka ikawa kila nikibonyeza Enter inakagua kwanza hali ya Git (programu ya kutunza matoleo ya kazi), chaji ya betri na saa, ndipo inirudishie mstari wa kuandikia. Nililaumu teminali tatu mfululizo.

#7 kituo_kimara

Nimesoma #6 haraka haraka nikadhani unakagua chaji ukiwa kwenye foleni ya mafuta. Hapa mjini ukisema sheli imechelewa, watu wanajua petroli imekwisha.

#8 abiria_wa_gongolamboto

Cheka tu, lakini tofauti ni muhimu. Teminali ndiyo dirisha linalochora herufi na kupokea vitufe. Sheli, iwe bash, zsh au fish, ndiyo inayosoma amri na kuitekeleza. Wengi wanaobadilisha ya kwanza huwa na ugomvi na ya pili.

#9 mtakwimu_wa_mifugo

Namuunga mkono #8 kwa aibu. Nilipoanza kazi ya takwimu za mifugo nilipewa faili lililoitwa ng'ombe.csv. Nikaandika less ng'ombe.csv, nikabonyeza Enter, na badala ya faili ikanijia alama ya mshale peke yake kwenye mstari mpya. Kila nilichoandika kilimezwa na mshale mwingine ukatokea. Nikaamua kwamba teminali imeganda, nikaifunga, nikapakua nyingine kwa bando langu mwenyewe, nayo ikaganda vilevile. Nilikwenda hadi ya tatu kabla ya mwenzangu mmoja kunieleza kwamba ile alama ya ng' ndiyo iliyokuwa tatizo: sheli huiona kama mwanzo wa nukuu, na hukaa ikisubiri mwisho wake hata kukikucha. Ukiliweka jina lote ndani ya alama mbili za nukuu, au ukiandika herufi za mwanzo kisha ukabonyeza Tab, mambo yanakwisha.

Teminali ya tatu ilikuwa Konsole, na ndiyo ninayotumia mpaka leo. Sikuichagua, nilikuwa ndani yake siku nilipopata jibu.

#10 mlinzi_wa_seva

Hadithi ya #9 imenifurahisha sana, hasa ng'ombe kusubiri mwisho wa nukuu.

Kigezo changu mimi si kasi kabisa. Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi tulitumia PuTTY, programu ya kuingilia seva za mbali, kwenye Windows, na humo kubofya kulia kwa kipanya hubandika palepale chochote ulichokuwa umenakili, bila kukuuliza. Saa nne asubuhi, dirisha la seva ya majaribio na dirisha la seva inayohudumia wateja yakiwa kando kwa kando, yote meusi na yote yakifanana, nilibofya kulia kwenye dirisha lisilo lake. Nilichokuwa nimenakili kilikuwa amri ya kuwasha seva upya, pamoja na Enter yake mwishoni. Wateja walikaa bila huduma kwa muda ambao sitautaja, na mimi nilikaa ofisini kwa mkuu wangu kwa muda mrefu kuliko huo.

Tangu siku hiyo nachagua teminali inayoniwezesha kuipa kila seva sura yake. Kwenye Konsole nimeweka wasifu mmoja wenye mandhari ya kijani iliyofifia kwa majaribio, na mwingine wenye wekundu wa kutisha kwa seva za wateja. Naangalia pia kama teminali inanionya ninapobandika mistari mingi kwa pamoja. Windows Terminal hufanya hivyo, na hata ile ya Xfce aliyoitaja #1 ina uwezo wa kukuonyesha kwanza unachotaka kubandika. Mtu anayenakili amri kutoka kurasa za intaneti anahitaji onyo hilo kuliko kadi ya michoro.

#11 mchapaji_mbezi

Ahsanteni sana. Nimefuata ushauri wa #3: glxinfo inataja kadi ya Intel na haitaji llvmpipe popote, kwa hiyo kadi inafanya kazi. Kwa #6, sheli yangu ni bash isiyo na pambo lolote, na ni ileile katika teminali zote nne, hivyo sioni namna ya kuilaumu. Dada wa #10, pole sana, na sasa nimeanza kuogopa kitufe cha kulia.

#12 daktari_wa_skrini

Basi tuangalie kilicho kati ya teminali na macho yako. Skrini ya hertzi 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16 na ushei. Teminali zinazochora kwa OpenGL kwa kawaida huandaa picha nzima kisha husubiri zamu ijayo ya skrini ili picha isikatike katikati. Xterm huituma herufi kwa seva ya X, programu inayochora madirisha kwenye skrini, mara tu inapoipata, bila kusubiri zamu. Juu ya hayo, Xfce ina kipengele cha kuunganisha madirisha kinacholeta vivuli na uwazi, nacho huweza kuongeza kusubiri kwingine. Nenda kwenye mipangilio ya meneja wa madirisha, ukizime, kisha uandike tena.

Hisia zako zina historia pia. Mwaka 2018 Antoine Beaupré alichapisha kwenye LWN, tovuti ya habari za Linux, vipimo vya teminali kadhaa alivyovifanya kwa Typometer, programu ya Pavel Fatin, na xterm pamoja na mlterm zilikuwa miongoni mwa zilizochelewa kidogo zaidi, huku zile zinazotumia maktaba ya VTE, kama teminali ya GNOME, zikiachwa nyuma.

#13 kijana_wa_kijitonyama

Naomba nimrekebishe #12 kwa heshima. Vipimo hivyo vilikuwa vya kweli kwa wakati wake, lakini VTE ilifanyiwa kazi kubwa katika toleo lililotoka na GNOME 46 (GNOME ni mazingira ya madirisha kama Xfce) mwezi Machi 2024, na ucheleweshaji wake ukapungua sana. Watu bado wanaisema vibaya teminali ya GNOME kwa makosa yaliyokwisha kusahihishwa.

Kwa upande wangu natumia kitty, kwa sababu inaonyesha picha ndani ya dirisha lenyewe na inagawanya dirisha bila msaada wa programu nyingine. Imeandikwa kwa Rust, kwa hiyo ni imara pia.

#14 fundi_sinza

Sasa ni zamu yangu kurekebisha. Inayoandikwa kwa Rust ni Alacritty, pamoja na WezTerm. Kitty imeandikwa kwa C na Python, na baadhi ya zana zake kwa Go. Mwandishi wake, Kovid Goyal, ndiye aliyeandika Calibre, ile programu ya vitabu vya kielektroniki.

Tena kitty ina kero moja ambayo hukuitaja. Hujitambulisha kwa jina la xterm-kitty, na ukiingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) kwenye seva ya zamani isiyolijua jina hilo, utaambiwa aina ya teminali haifahamiki, na kitufe cha kufuta kitaanza kuandika takataka badala ya kufuta.

#15 kijana_wa_kijitonyama

Nakubali kuhusu Rust. Kuhusu SSH, dawa ipo: unaingia kwa amri ya kitten ssh, nayo hupeleka maelezo ya teminali huko seva bila wewe kufanya lolote.

#16 mlinzi_wa_seva

Dawa hiyo ni nzuri kwa seva zako mwenyewe, mdogo wangu. Mimi naingia kwenye seva za watu ambao hawataki niache humo hata faili moja. Ninapendelea teminali inayojitambulisha kwa jina ambalo kila seva inalijua.

#17 bando_limeisha

Nyote mnazungumza kana kwamba umeme na mtandao havikatiki. Mimi nina kompyuta ya mezani isiyo na betri, huku Tabata, na nimewahi kupoteza kazi ya saa tano iliyokuwa ikiendeshwa kwenye seva kwa sababu taa zilizimika na SSH ikafa pamoja na dirisha. Tangu hapo kila kitu nakifanyia ndani ya tmux, programu inayoendelea kuendesha kazi hata mimi nikikatika, huko seva. Umeme ukirudi naingia, naunganisha tena, nakuta kazi imeendelea bila mimi. Vichupo, kugawa dirisha na kurudi nyuma kusoma mistari iliyopita, vyote vipo ndani ya tmux, kwa hiyo dirisha la nje liwe lolote, halinihusu.

Mwezi Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikawa ya kudonadona, niliongeza Mosh, inayofanya kazi kama ya SSH. Hiyo hutumia UDP (njia ya kutuma data isiyohitaji muunganisho wa kudumu), haikati mawasiliano mtandao ukiyumba, na huonyesha herufi unazoandika papo hapo kwa kubashiri jibu la seva, ikizipigia mstari mpaka seva izithibitishe. Nauliza kwa unyenyekevu: #1, una hakika hukuwa ndani ya SSH ulipohisi uzito huo? Herufi inayokwenda Ulaya na kurudi haiwezi kuwa nyepesi kwenye teminali yoyote.

#18 mchapaji_mbezi

Nina hakika. Nilikuwa naandika kwenye Vim, programu ya kuhariri maandishi, kwenye mashine yenyewe, na router nilikuwa nimeizima.

#19 msomaji_wa_barua

Naomba nilete kigezo ambacho hakijatajwa. Ninasaidia kunakili barua za zamani za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, na katika mstari mmoja huwa nina maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto pamoja na namba za kumbukumbu zinazotoka kushoto kwenda kulia. Teminali nyingi mnazozisifu huzipanga herufi hizo kinyumenyume, na Alacritty ni mojawapo. Teminali ya GNOME ilianza kuzipanga sawasawa mwaka 2019 kupitia VTE 0.58, Konsole nayo inaweza, na mlterm ilikuwa ikifanya hivyo kabla ya zote. Kwangu mimi orodha ya teminali ina majina matatu tu, na suala la milisekunde sijawahi kulifikia.

#20 mzee_wa_vt220

Mchango wa #19 umenigusa kuliko yote. Marehemu bibi yangu aliandika barua zake zote kwa hati hiyo.

#21 simu_mkononi

Na sisi tusio na kompyuta je? Natumia Termux, teminali ya Android, kwenye simu, ndani ya daladala. Nawatahadharisha tu wanaoanza kwamba kwa miaka kadhaa toleo la Play Store liliachwa bila kusasishwa, na wengi wetu tulihamia la F-Droid, duka jingine la programu. Kitufe cha kupunguza sauti ndicho Ctrl yangu, jambo lililonifanya siku moja niizime programu niliyokuwa nikiiendesha nilipokuwa nataka kupunguza taarabu.

#22 kijana_wa_kijitonyama

Kuna anayetumia teminali ya Ghostty ya Mitchell Hashimoto? Ilitoka rasmi Desemba 2024 na naisikia ikisifiwa kila kona.

#23 fundi_sinza

Niliijaribu. Ni nzuri, ina vichupo, ina rangi nyingi tayari. Kwa mashine ya GB 4 ya mleta uzi siipendekezi kwanza. Foot ingemfaa zaidi kwa wepesi, ila foot ni ya Wayland, mfumo wa madirisha uliokuja kuchukua nafasi ya X, peke yake na Xfce aliyonayo bila shaka inaendeshwa na X. Urxvt nayo inaweza kufungua madirisha mengi kutoka mchakato mmoja na kuokoa RAM, ingawa mchakato huo ukianguka yote yanazama pamoja.

Hata hivyo, tusidanganyane: kivinjari kimoja chenye kurasa kumi kinakula RAM kuliko teminali zote zilizotajwa hapa zikijumlishwa.

#24 mchapaji_mbezi

Nimerudi na matokeo. Nilizima kipengele alichokitaja #12, na tofauti ikapungua sana, ingawa kwa hisia zangu haikuisha. Ili nisijidanganye, nilimwomba dada yangu anifungulie ama xterm ama Alacritty, madirisha yakiwa yamejaza skrini bila fremu, huku yeye akirusha sarafu kuamua ni ipi. Nilikuwa naandika sentensi moja kisha nataja jina. Katika mara 10 nilipatia 7. Naona hilo linatosha kuonyesha kwamba vidole vyangu havisemi uongo.

#25 mtakwimu_wa_mifugo

Hongera kwa kujipima, lakini 7 kati ya 10 haitoshi. Mtu anayebahatisha kwa sarafu hupatia 7 au zaidi katika karibu mara 17 kati ya 100. Rudia mara 40, kisha ulete idadi.

#26 daktari_wa_skrini

Nami nina pingamizi jingine. Je, fonti zilikuwa sawa? Xterm isipopangiwa kitu hufungua kwa fonti ndogo ya nukta, na wewe ungeitambua kwa macho kabla kidole hakijagusa kitufe. Watu hudhani fonti hiyo haibadiliki, kumbe ukishikilia Ctrl ukabofya kulia menyu ya ukubwa inafunguka, na ukiiendesha xterm kwa chaguo la -fa utaipa fonti unayotaka.

#27 mchapaji_mbezi

Fonti zilitofautiana, ni kweli, na dada yangu alikuwa akicheka kila alipofungua xterm. Nitaweka fonti ya DejaVu Sans Mono kote kote, nirudie mara 40 Jumamosi, na safari hii yeye atakaa nyuma yangu.